Jua la Kolwezi

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, nchini Kongo, ni kama kilomita 300 kwa barabara. Tuliondoka na dereva alfajiri ili jua litukute tumeshapita Likasi. Agosti mapori huchomwa, na moshi wake ukikutana na vumbi la malori ya shaba, jua huchomoza jekundu, halina makali.

Karibu na Fungurume nilimwomba dereva asimame. Vilima vya shaba vya huku havina miti juu, maana madini yamejaa udongoni, hubaki nyasi na mimea michache iliyoizoea sumu hiyo. Mwanga wa ubavuni ulionyesha kila mkunjo wa kilima. Kamera niliipimia mwanga angani, kando ya jua, nikaacha mabonde yawe meusi.

Kolwezi tulifika jua la utosi. Nje ya mji kuna marundo ya mabaki ya migodi, meupe, marefu kuliko nyumba.

“Papa, jua hii itaharibu picha. Ngoja magharibi,” dereva akanishauri.

Sikungoja. Mwanga wa jioni hulipaka rundo dhahabu, ukadhani ni mlima wa Mungu. Mchana linabaki lilivyo: udongo uliochimbwa, ukasagwa, ukatupwa. Ila kamera haipendi weupe. Hupima kila kitu kana kwamba ni kijivu, rundo likatoka chafu. Kamera ilinipa kasi ya 1/1000 ya sekunde, nikaishusha hadi 1/500, na weupe ukarudi, pamoja na mifereji midogo iliyochorwa na mvua zilizopita.

Nilimkumbuka mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye mwaka 2006 katika kazi yake Mémoire alipachika picha za zamani za wafanyakazi wa migodi juu ya picha zake za magofu ya viwanda. Naye hakutaka kuipamba Katanga, nchi hii ya shaba.

Jioni ilibaki kwa ziwa Nzilo, maji ya mto Lualaba yaliyozuiwa kwa bwawa la umeme enzi za Wabelgiji. Hapo dhahabu ni halali yake, nami niliipiga bila aibu, mitumbwi ikiwa vivuli vitupu.

Ukipanga safari, nenda Mei: mvua zimekatika, na moshi bado haujatanda. Na karibu na uzio wa mgodi, usitoe kamera kabla hujashika kibali mkononi.