Coastal, Halafu Nani?

Ukitaka kumjua mtu wa nchi hii huulizi kabila lake, huulizi dini yake, na siasa ndiyo kabisa usiguse. Unamuuliza Simba au Yanga. Akishajibu, mambo yamekwisha: ama mtapeana mikono, ama mtaanza kuchekana mpaka kituo cha mwisho cha basi. Sasa mimi nikiulizwa hivyo hujibu, "Coastal." Mtu ananitazama, anatabasamu kama amesikia utani wa mtoto, kisha ananirudia taratibu: "Sawa, Coastal. Halafu nani?"

Halafu hakuna. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, kule ambako barabara zina namba badala ya majina. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, makao yao yako barabara ya 11. Mahasimu wetu wa tangu enzi, African Sports, wako barabara ya 12. Yaani mkipika pilau ya ushindi huku, harufu inawafikia wenzenu kabla nyinyi hamjapakua.

Kazi yangu ni kuchapa fulana. Tuna mashine moja ya kubandika maandishi kwa moto, kabati la karatasi za rangi, na benchi la wateja nje ya mlango ambalo kwa kweli wateja hawalikalii, linakaliwa na wabishi. Kwa mtu wa kazi hii, ligi haianzi uwanjani. Ligi inaanza mwezi wa saba, siku anapoingia kijana wa kwanza na jezi mpya ingali imekunjwa, akauliza bei ya jina na namba. Na hapo ndugu msomaji ndipo utakapoiona hofu ya mnazi wa mpira ikiwa uchi. Maana jezi ameshanunua, hela ya kuchapa anayo, mkono uko mfukoni, lakini jina hatoi. Anazunguka. Anauliza, "Eti huyu ana mkataba wa mpaka lini?" Ananiuliza mimi, fundi wa fulana!

Siwalaumu. Mwaka 2023, kabla ya msimu kuanza, Feisal Salum aliondoka Yanga akaenda Azam, na Fiston Mayele akaondoka kwenda Misri. Benchi letu lilikuwa kama msiba. Vijana walikuja na jezi zao za kijani, mgongoni Fei Toto 6, mgongoni Mayele 9, wanataka tubandue. Nikawaambia ukweli, jina likibanduliwa linaacha kivuli. Ukisimama juani bado linasomeka. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Msimbazi, Clatous Chama alipovuka kwenda Jangwani. Mteja mmoja aliweka jezi nyekundu mezani bila hata salamu. Chama 17. Akasema neno moja tu: "Toa."

Hata hivyo hawa jamaa, pamoja na presha zao zote, wana raha moja ambayo sisi hatuna. Akiondoka mtu wanajua ataletwa mwingine, tena kwa picha na mbwembwe na saa ya kuhesabu dakika. Wanaingia msimu mpya wakiuliza nani anakuja. Sisi wa Coastal tunauliza nani amebaki.

Mwaka 2020 tuliuliza hivyo. Bakari Mwamnyeto, nahodha, akaenda Yanga. Ibrahim Ame akaenda Simba. Ayoub Lyanga akaenda Azam. Watatu kwa mkupuo, kila mmoja na njia yake, kama watoto wanaogawanywa kwa ndugu. Nani atawalaumu? Mpira ni kazi, na miguu ya mchezaji haina kiinua mgongo. Mimi mwenyewe nikiitwa Dar es Salaam kesho kwenye duka lenye mashine tano, nitakwenda. Lakini msimu uliofuata timu ilinusurika kwa mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza, na mwezi ule mjomba wangu hakunyoa ndevu.

Au chukua tarehe 2 Julai 2022. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Arusha, sisi na Yanga. Abdul Suleiman, Sopu, kijana wetu, akawatia Yanga mabao matatu. Matatu! Peke yake! Dakika zikaisha 3 kwa 3, tukafungwa kwa matuta. Watu wengine walilia kwa kukosa kombe. Mjomba alianza kununa mapema zaidi, tangu bao la tatu lilipoingia. Tulikuwa tunarukaruka pale kibandani tulipokuwa tukitazama televisheni, yeye ameketi, ameshika shavu. Nikamwambia, "Mjomba, simama, tunaongoza!" Akasema, "Mabao matatu mbele ya nchi nzima. Mjomba, huyu tumeshamuuza." Kabla msimu haujaanza Sopu alikuwa mchezaji wa Azam.

Lazima nimweleze huyu mjomba. Ni kaka wa mama yangu, alikuwa kibarua bandarini, sasa magoti yamechoka anauza kahawa na kashata. Aliuona ubingwa wa 1988, mwaka ambao Coastal ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Mimi nilizaliwa miaka 10 baadaye, kwa hiyo ubingwa ule kwangu ni kama hadithi za bibi: nimeusikia mara nyingi hata nadhani nilikuwepo. Anasimulia bila kupamba. Anasema baiskeli zilikuwa nyingi barabarani mpaka hukuweza kuvuka. Anasema usiku ule mtu wa barabara ya 12 alimpa mkono, halafu akamtukana, halafu akampa mkono tena.

Yupo tangu hapo. Alikuwepo 2016 pia, mwaka ambao sisi watu wa Tanga hatupendi kuutaja mbele ya wageni. Mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo. Zote tatu zilishuka. Msimu mmoja! Nilikuwa shule ya sekondari bado. Nakumbuka mwezi wa nane ulipofika mji ulikuwa kama nyumba ambayo watoto wote wamepelekwa bweni. Ndipo mdogo wangu alipohamia Yanga. Alikuwa na miaka 10, na mtoto wa miaka 10 huwezi kumwambia asubiri. Alitaka kushangilia kitu Jumapili ile ile. Wenzake wote wa mtaani walifanya hivyo, nusu Simba nusu Yanga, na tuliporudi Ligi Kuu mwaka 2018 hawakurudi na sisi. (Ingawa mwaka huo tulimsajili Ali Kiba, ndiyo, yule mwanamuziki, na kwa wiki chache watu ambao hawajawahi kukanyaga Mkwakwani walikuwa wananiuliza ratiba.)

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kila msimu unapokaribia, kuliko hata kushuka daraja. Kushuka kuna kupanda. Lakini wasikilize wanaokaa kwenye benchi letu. "Mimi Simba, ila nyumbani Coastal." "Mimi Yanga damu, Coastal naipenda kwa ajili ya mji." Coastal ni timu ya pili ya kila mtu, na timu ya pili haichapishiwi jezi. Yanga wanapokuja Mkwakwani kucheza na sisi, uwanja unakuwa wa kijani na njano, na sisi wenyeji tunakuwa wageni pembeni. Niliwahi kuruka kwa furaha bao la Coastal lilipoingia, jirani yangu, mtu niliyesoma naye darasa moja, mzaliwa wa Makorora, akanivuta shati: "Kaa chini wewe, unatuziba!"

Basi Agosti 2023 mambo yakatimia. Ngao ya Jamii, michuano ya kufungulia msimu, ikaletwa kwetu. Ilikuwa ya timu nne za juu za msimu uliotangulia: Yanga, Simba, Azam na Singida. Coastal haikuwamo, na kwa nafasi tuliyomaliza haikustahili kuwamo, sina kesi hapo. Lakini fikiria umeandaa harusi nyumbani kwako, umepaka rangi kuta, umeazima viti, halafu huna hata mtoto mmoja anayeolewa.

Siku tano zile sikupata nafasi ya kula mchana. Mabasi kutoka Dar es Salaam yalimwaga watu asubuhi na jioni. Nyumba za wageni zilijaa, bajaji zikapandisha bei, mama lishe wakaongeza masufuria. Wageni wengine walikuja na hofu zao wenyewe. Wapo walioniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Tanga kuna wataalamu, maana watu wakisikia Tanga wanafikiria kamati ya ufundi tu. Niliwaambia tungekuwa nao tungeshuka 2016? Wakacheka, ila mmoja alirudi jioni peke yake kuniuliza tena.

Nilichapa jezi nyingi kuliko nilizozichapa miezi miwili iliyotangulia. Za Coastal zilikuwa tatu, na moja ilikuwa yangu.

Fainali ikawa tarehe 13, Simba na Yanga. Mdogo wangu alivaa jezi tangu saa moja asubuhi. Alikunywa chai amesimama. Alibadilisha viatu mara mbili kwa sababu siku waliyofungwa mwisho alivaa vile vya kwanza. Mama akamuuliza, "Wewe unacheza namba ngapi?" Hakucheka. Nilimtazama nikagundua kwamba tumbo linalomuuma ni lile lile linaloniuma mimi, na timu tu ndiyo iliyotutenganisha. Jioni mechi ikaisha bila bao, wakaenda kwenye matuta, Ally Salim akadaka, Simba wakashinda 3 kwa 1. Mdogo wangu alirudi usiku, akapita bila kusema, akajifungia. Nilimwonea huruma. Nilifurahi kidogo pia, sisemi uongo.

Jumatatu mabasi yakaondoka na watu wao. Wenyewe wa Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo. Barabarani zilibaki chupa za maji na vuvuzela moja lililokanyagwa. Mjomba, ambaye kwa siku tano alikuwa amegoma hata kusogea upande wa Mkwakwani na birika lake, akaja dukani na fulana yake ya Coastal ya zamani, imefuliwa na kupigwa pasi. Ligi ilikuwa inaanza wiki ile.

"Nichapie namba."

"Na jina?"

"Jina la nini? Jina litaondoka. Weka 11."

"Mjomba, 11 ya nani? Hata hatujajua nani atavaa 11."

"Ya barabara," akasema. "Nani atakuja kuisajili barabara?"

Nikamchapia. Hakutaka punguzo, akalipa bei kamili, akaivaa pale pale juu ya shati.

Leo nikikumbuka naona tulikuwa tumesimama mlangoni mwa msimu wa ajabu. Tulianza vibaya, kocha akabadilishwa, akaja David Ouma kutoka Kenya, na mwisho wa msimu wa 2023/24 Coastal ikawa ya 4. Ya 4, ndugu yangu, nyuma ya hao hao watatu wenye nchi! Mwaka 2024 tukaingia Kombe la Shirikisho la Afrika. Bravos do Maquis ya Angola ikatutoa mapema, 3 kwa 0 kwao na sare ya bila bao Dar es Salaam, lakini kwa wiki kadhaa nilipoulizwa "halafu nani?" nilikuwa na jibu jipya: halafu Angola.

Ila usiku ule wa kuamkia mechi ya kwanza ya ligi nani alikuwa anajua? Tulikuwa na wachezaji nusu hatuwajui sura. Magazeti ya siku ile yalituandika mistari miwili, chini kabisa, baada ya habari ya goti la mchezaji wa Simba. Nililala saa nane. Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia, nikajua kuna aliyefariki. Alikuwa mjomba.

"Mjomba, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Yule kipa mpya, leseni yake imetoka?"

"Sijui, mjomba."

Akanyamaza. Nilisikia maji yanachemka nyuma yake, alikuwa ameshawasha jiko la kahawa.

"Hujui?" akasema. "Basi wewe umelalaje?"