Kiumbe Mdogo wa Misitu ya Ngorongoro

Msafiri atokaye Arusha hupita Mto wa Mbu, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha akawasili Karatu, mji wa wakulima, wenye udongo mwekundu na mashamba ya mahindi, ngano na kahawa. Mbele ya mji huo lipo lango la Lodoare, na ukisha kulipita hewa yageuka: huingia katika msitu mzito wenye ukungu. Huko juu ukingoni, kiasi cha mita 2,300 juu ya bahari, ndipo macho yaonapo kasoko la Ngorongoro, lenye upana wa kilomita 20 hivi na kina cha mita 600.

Kila mgeni humtafuta simba na kifaru. Ni wachache wainamao kuyafunua majani yaliyooza chini ya mti. Na huko chini Mwenyezi Mungu ameweka umma mwingine wa viumbe. Miongoni mwao ni mbawakawa wa mabawa mafupi: mdudu mwembamba, ambaye magamba ya mgongoni mwake hayamfuniki tumbo, na mabawa yake ya kurukia yamekunjwa chini ya magamba hayo kwa ustadi wa ajabu. Akitishwa huinua mkia kama nge. Wengi wao hula mabuu ya nzi na vidudu vingine, wakapunguza uchafu na maudhi. Wataalamu wamekwisha kuandika aina zaidi ya 60,000 za jamii hii, na kila mwaka huongezeka nyingine mpya, hasa kutoka misitu ya nchi za joto.

Je, aina mpya hujulikanaje? Si kwa kukisia. Mtaalamu humlinganisha mdudu wake na waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, akampima, akachunguza hata viungo vya uzazi vya dume, kwani aina nyingi hufanana mno kwa nje. Kisha huandika sifa zake, akampa jina la Kilatini, na kielelezo chake kikawekwa amana. Chini ya kielelezo hubandikwa kikaratasi: mahali alipookotwa, tarehe, na jina la mwokotaji. Bila ya kikaratasi hicho ushahidi ni dhaifu, kama habari isiyokuwa na mpokezi. Hudhud naye alipomjia Nabii Sulayman, amani iwe juu yake, alitaja alikotoka na alichokiona, ikawa habari ya yakini kutoka Saba.

La ajabu ni kwamba jina hilo la Saba limefika kwetu. Mmoja wa jamii hii, mwekundu na mweusi, twamjua majumbani. Hujia taa nyakati za mvua, na watu humwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi. Erichson, mtaalamu wa Berlin, alimpa mmoja wao mwaka 1840 jina la Paederus sabaeus, yaani wa Saba. Mdudu huyu haumi wala hachomi. Bali akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwili wake huiunguza, ikatoka malengelenge. Basi, enyi akina mama, wafundisheni watoto wasimponde. Wampulize aende zake, na aliyeguswa aoshe kwa maji na sabuni, wala asifikiche macho. Mwaka 2002 ilidhihirika kwamba sumu hiyo hutengenezwa na bakteria waishio ndani yake, na wataalamu wameichunguza kwa kutaraji dawa ya saratani. Tazama jinsi dhara na manufaa yalivyokaa pamoja katika kiumbe mmoja!

Msitu ule wa ukingoni ndio uhifadhio maji ya chemchemi na mashamba ya Karatu. Ukikatwa, si maji tu yatakayokauka. Watatoweka pia viumbe ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuwapa majina. Nabii Adam alitukuzwa kwa kufundishwa majina ya vitu. Nasi wanawe twapoteza vitu kabla ya kuvijua!

Enyi vijana, msiwaachie watu wa mbali peke yao elimu hii. Someni, tazameni, andikeni mahali na tarehe. Huenda jina la kijiji chenu likasomwa kesho chini ya kiumbe kipya, nanyi mkawa mashahidi wa kazi ya Muumba wenu.