Shajara ya jiko la kioo

Jumapili, 14 Januari 2024. Louisville, Kentucky

Mama amefika, na baridi hii haimwachi atoke nje. Siku nzima anakaa jikoni. Ananiuliza mambo ya jiko ambayo mimi niliacha kuyauliza zamani, nami nayaandika hapa kwa sababu wengi wetu wanafika wakiwa na maswali hayo hayo na hawana wa kumuuliza.

Jiko la nyumba hii juu yake ni kioo cheusi kitupu, kimechorwa maduara manne. Halina mwali wala moshi wala majivu. Mama amepikia mafiga na mbabula, jiko la makala, maisha yake yote, kwanza kwetu Wamaza, upande wa Kabambare, mkoa wa Maniema, Kongo, halafu kambini Nyarugusu, kule Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kutupokea sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika. Leo asubuhi kasimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akaniuliza: "Mwanangu, moto wake unaujuaje?"

Ndilo swali lenyewe. Penye makala mtu anaujua moto kwa jicho, kwa sikio na kwa ngozi ya uso. Makala yaliyovaa jivu jeupe ni ya kukaushia wali, na yanayolia yamelowana. Hapa dalili hizo zote zimefukiwa chini ya kioo. Nimemwonyesha taa ndogo nyekundu iliyo pembeni. Hiyo huwaka kioo kikiwa cha moto, na hubaki inawaka hata baada ya jiko kuzimwa, mpaka joto lishuke. Duara linaweza kuwa jeusi tii na bado likakubabua mkono. Taa ikiwaka, mkono mbali. Mama amerudia maneno hayo mara kadhaa kwa sauti, kama anavyofanya akitaka jambo limkae.

Jumatano, 17 Januari

"Umeme umekatika!" Mama kaniita nikiwa bafuni. Umeme ulikuwapo. Duara lilikuwa jekundu, likazimika, na baada ya muda mfupi likawa jekundu tena.

Tumekaa mezani nikamweleza kwa utulivu. Chini ya kioo kuna utepe wa chuma unaokataa kupitisha umeme kirahisi, na kwa kukataa huko unapata moto mpaka unang'aa. Joto lake linapenya kioo kwenda juu kama mwanga, likapiga kitako cha sufuria. Ukizungusha kitufe kwenye namba ya chini, utepe hauwaki kidogo. Unawaka wote, unazimika, unawaka tena, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo unavyokaa muda mrefu umezimika. Hata kwenye namba ya juu kabisa kuna kifaa kinachoukata umeme kioo kikizidi moto. Mtu aliyetoka mahali ambapo umeme ukizimika umekwenda kweli, ataizungusha namba mpaka mwisho akidhani jiko limekufa, na sombe, yaani kisamvu, itaungua.

Mama kanijibu kwamba basi ni sawa na kupunguza makala na kuyaongeza, ila hili linajipunguzia lenyewe. Kaelewa vizuri kuliko maelezo yangu.

Duara dogo la jiko hili ni la wati 1200, na lile kubwa ni la wati 3000. Sufuria ndogo juu ya duara kubwa ni umeme unaopotea bure pembeni, na mishiko yake inakuwa ya moto. Sufuria pana mno juu ya duara dogo inaivisha katikati tu.

Jumamosi, 20 Januari

Masufuria. Mama kaja na mawili ya kambini, mepesi, vitako vimebonyea kwa miaka ya kugongwa juu ya mawe. Nimeweka rula kwenye kitako, na mwanga ulipita chini yake. Kitako cha namna hiyo hugusa kioo sehemu chache tu. Maji yanachelewa kuchemka, na sufuria inayumba mtu akikoroga. Tena alumini tupu huacha michirizi ya kijivu kwenye kioo, migumu kutoka. Nimeyaweka kabatini kwa heshima, siwezi kutupa vitu vilivyotulisha. Tumenunua sufuria ya chuma kisichoshika kutu, yenye kitako kizito na bapa.

Lakini lililonifurahisha leo ni bugali. Nilikuwa na hofu nalo, kwa sababu kukoroga unga mzito kwa nguvu juu ya kioo kunaisukuma sufuria huku na huku. Kumbe Mama hakorogi jikoni kabisa. Maji yalipochemka aliitua sufuria chini, juu ya kitambaa kilicholowana, akaibana kwa miguu, akamimina unga wa muhogo na kuusonga kwa mwiko. Ndivyo wanavyofanya mama zetu wengi Maniema, na hapa desturi hiyo inakilinda kioo kuliko ushauri wowote wa kitabu cha jiko.

Desturi nyingine inabidi tuiache. Kwetu masufuria husuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka yang'ae. Chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya sufuria, inachora kioo, na mchoro haufutiki. Chumvi iliyomwagika inafanya vilevile. Kwa hiyo kitako kinafutwa kabla ya kuwekwa, na sufuria inainuliwa, haiburutwi.

Jumapili, 28 Januari

Leo nimesoma asili ya kioo hiki na sijaweza kulala mapema.

Mwaka 1953, katika maabara ya kampuni ya Corning, jimbo la New York, mkemia S. Donald Stookey aliweka kipande cha kioo katika tanuri ili kipashwe nyuzi 600. Kidhibiti cha tanuri kikaharibika, joto likapanda mpaka nyuzi 900. Alitazamia kukuta uji wa kioo. Alikuta bamba jeupe, gumu, na alipolitoa likamponyoka, likaanguka sakafuni, likalia kama chuma bila kuvunjika. Kioo kilikuwa kimegeuka fuwele ndogo ndogo mno. Kutokana na hapo vikaja vyombo vya kupikia, halafu majiko. Wajerumani wa Schott, mjini Mainz, wakatoa bamba lao la jiko mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jina lake, Ceran, sasa limeandikwa pembeni mwa majiko mengi duniani.

Siri yake ni hii. Kioo cha kawaida kikipata moto hutanuka, na kikipashwa upande mmoja tu hupasuka. Katika hiki, fuwele husinyaa zikipata joto huku kioo kinachozizunguka kikitanuka, na viwili hivyo vinafutana. Ndiyo maana duara linaweza kuwa jekundu huku pembeni kukiwa baridi, na kioo kisipasuke.

Na fuwele hizo zinahitaji lithiamu. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Manono iko mkoa wa Tanganyika, mkoa unaopakana na Kabambare yetu, na chini ya udongo wake kuna spodumeni, jiwe la lithiamu, kwa wingi ambao dunia nzima inaugombania. Wabelgiji wa kampuni ya Géomines walianza kuchimba bati pale mwaka 1919, na wazee wa kwetu walikwenda huko kutafuta kazi. Bati nalo huingia katika utengenezaji wa kioo hiki siku hizi, kuondoa mapovu mahali pa sumu za zamani kama aseniki. Sisemi kwamba jiko langu limetoka Manono. Nasema tu kwamba watu wa nchi yenye mawe ya namna hii bado wanapikia kuni, na wakifika ughaibuni wanaonekana wajinga mbele ya jiko lililotengenezwa kwa mawe kama yao. Jambo hilo linaniuma.

Ijumaa, 9 Februari

Jirani wa ghorofa ya chini, mama wa mapacha, ametoka Nyarugusu mwezi uliopita. Kanipigia simu, sauti imejaa hofu: chai ya maziwa imefurika jikoni. Nimeshuka na kiwembe chenye mpini.

Sukari ni adui mkubwa wa kioo hiki. Maji, mafuta au maharage yakimwagika unaweza kungoja kioo kipoe kabisa, ukafuta. Sukari haingoji. Ikiyeyuka na kupoa juu ya kioo inakishika, na inapong'oka inang'oka na vipande vya kioo, ikiacha vishimo. Kwa hiyo unazima duara, unavaa glavu nene, unaukwangua ule uji ukiwa bado wa moto na kuusogeza mahali pa baridi. Mabaki hungoja jiko lipoe, kisha magadi soda, kitambaa cha maji na siki kidogo. Waya wa kusugulia, kamwe. Plastiki na karatasi ya alumini zikiyeyuka ni shughuli ile ile ya haraka.

Kwa chai yetu nimemshauri atie sukari vikombeni.

Nimeona jambo jingine pale. Juu ya jiko, mahali penye duara, kulikuwa na mfuko wa mkate, leso ya mtoto na sahani za plastiki. Hakufanya uzembe. Kioo bapa na cheusi kinamwita mtu aweke vitu, na mtoto akipita akagusa kitufe, moto unaanza. Kijana wa shirika lililowapokea alimwonyesha vitufe kwa dakika chache, kwa Kiingereza, akaondoka kwenda kwa familia nyingine. Tumekubaliana na mama wa mapacha: juu ya jiko hakuwekwi kitu ambacho hakipikwi.

Na vyombo vya kabati la juu ya jiko tumevihamisha. Kioo hiki kinastahimili moto, lakini chupa ya chumvi ikidondoka kwa pembe inaweza kukivunja. Kikiwa na ufa, hakipikiwi tena. Chini yake kuna umeme wa volti 240, na maji yakipenya unaweza kupigwa. Unazima swichi kuu kwenye sanduku la umeme, unamwita mwenye nyumba.

Jumamosi, 24 Februari

Kengele ya moshi imelia Mama akipika mawese. Kwetu mawese hupashwa mpaka yatoe moshi, ndipo kitunguu kinaingia. Hapa kengele haijui mapishi. Jirani mmoja alitoa betri za kengele yake ili apumzike na kelele. Nimekwenda kumwomba azirudishe, na kashukuru. Watu walio katika usingizi hawasikii harufu ya moshi, wanasikia kengele. Dawa ni kupasha mawese kwa moto wa kati, kifuniko nusu, na feni ya juu ya jiko iwashwe kabla ya kuanza.

Kubwa zaidi ni hili. Mama alitaka kuchoma samaki, akaniuliza tununue mbabula tuiweke ndani karibu na dirisha. Sikucheka wala sikumkaripia, kwa kuwa kwake ni kawaida. Jiko letu la nje Wamaza lilikuwa la udongo na nyasi, hewa inapita kila upande. Nyumba hii imezibwa madirisha yote kwa ajili ya baridi. Makala yakiwaka ndani yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Nimemwambia waziwazi: makala ndani ya nyumba ya hapa ni kifo. Amenyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo samaki mtie katika tanuri." Ametoka mtamu.

Jumatano, 13 Machi

Ramadhani imeanza Jumatatu. Jikoni kuna msongamano kila jioni, mandazi, sambusa, uji wa mchele, na wote wana njaa na haraka. Saa hizi ndizo za hatari. Hapa Marekani mapishi ndiyo chanzo kikuu cha moto majumbani, na mara nyingi mtu ameacha mafuta jikoni akaenda kufanya jambo jingine.

Mafuta juu ya jiko la kioo yana hila yake. Ukizima, kioo bado kinayapasha kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo mafuta yakizidi moto jiko huzimwa, na sufuria nayo huhamishwa kwa uangalifu kwenye duara baridi, ikiwa bado haijashika moto. Ikishika moto haiguswi: zima kitufe, telezesha kifuniko juu yake, iache ipoe. Maji, hata kikombe kimoja, yanarusha moto mpaka darini. Moto ukizidi kifuniko, watu wote nje na simu 911. Mikono ya buibui inakunjwa, ncha za kanga zinafungwa, mishiko ya sufuria inaelekea ndani watoto wasiifikie.

Joto lile lile linalobaki ni hatari kwa mafuta na ni neema kwa wali. Maji yakikauka Mama anazima jiko, anafunika, anauacha wali pale pale. Umeme hautumiki tena na wali unamalizika, punje moja moja. Kanieleza kwa furaha kwamba sasa hahitaji makala juu ya kifuniko.

Alhamisi, 11 Aprili

Idi ilikuwa jana. Sufuria kubwa ya pilau ya wageni hatukuiweka juu ya kioo. Kitako chake kilizidi duara mno, na joto lingerudi chini na kukichosha kioo. Tuligawa pilau katika masufuria mawili ya kawaida.

Baada ya kula, Mama aliwachukua wanawake wawili waliofika wiki hii akawapeleka jikoni. Akawaonyesha taa nyekundu, akawaambia kuhusu sukari, mchanga na mbabula, kwa Kiswahili cha kwetu, sufuria ikiwa mkononi. Nilisikiliza kutoka mlangoni. Waliuliza mambo ambayo hawangethubutu kumuuliza kijana wa shirika, kama vile kwa nini duara linazimika lenyewe.

Nimewaandikia wazee wa msikiti na watu wa kanisa la Wakongo ombi moja: kila familia inayofika, siku ya kwanza ipate mama mmoja anayeyajua majiko yote mawili, la makala na la kioo, aende apike nao chakula kimoja kuanzia kuwasha mpaka taa nyekundu izimike. Wapewe na kiwembe chenye mpini na sufuria moja yenye kitako bapa. Ni gharama ndogo, na inaweza kuanza juma lijalo.