Vitabu Vitatu kwenye Barabara ya Thika

Sikuwa nimewahi kufika Thika. Nilipanda matatu ya 237 jijini Nairobi nikiwa nimepakata bahasha ya kurasa za kijitabu changu: masimulizi ya wageni wa zamani waliopita huku, yaliyoteuliwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Niliambiwa kwamba katika Eneo la Viwanda yupo mpiga chapa wa bei nafuu.

Baada ya Ruiru, utingo akaita, "Juja, Juja! Wa Juja mshuke!" Nikachungulia dirishani. Pande hizi ndiko Mmarekani Northrup McMillan alikokuwa na shamba, na mwaka 1909 akampokea Theodore Roosevelt, rais mstaafu aliyekuja kuwinda. Kitabu cha Roosevelt, African Game Trails, kilitoka 1910. Nilichoona mimi ni ghorofa za wapangaji hadi upeo wa macho.

Thika nikachukua bodaboda. Tukapenya kati ya malori yaliyojipanga nje ya mageti, tukapita vibanda vya chapati na githeri ambako wafanyakazi wa zamu walikuwa wakila wamesimama. Mpiga chapa, mama wa makamo, akazitandaza kurasa zangu mezani kando ya mashine.

"Mwanangu, hawa watu walikufa lini?"

Nilitarajia aniulize idadi ya nakala.

"Wateja hunijia wakihesabu umri wa kitabu," akasema. "Mimi nahesabu umri wa kaburi."

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ndivyo inavyosema: maandishi hulindwa maisha yote ya mwandishi, kisha miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Ikipita hiyo, kazi ni miliki ya umma. Unaichapa, unaitafsiri na kuiuza bila kumwomba mtu.

Roosevelt alifariki Januari 1919. Mama akamsogeza kulia. Akafuata Winston Churchill, aliyepita Thika 1907 na kuchapisha My African Journey mwaka uliofuata. Alifariki 1965, kwa hiyo tangu Januari 2016 kitabu hicho ni huru hapa Kenya.

"Unauza wapi?"

"Hapa, na kwa jamaa zetu walioko Uingereza."

Akatikisa kichwa. Kule hulinda miaka 70, hivyo Churchill bado amefungwa hadi mwisho wa 2035.

Wa tatu alikuwa Elspeth Huxley, aliyeutangaza mji huu duniani kwa The Flame Trees of Thika, kitabu cha 1959. Huxley alifariki 1997. Kwa Kenya, hadi 2047 iishe. Kwa Uingereza, 2067. Kurasa zake zikaenda kushoto.

"Yaliyotokea hayana mwenyewe," mama akaniambia. "Kwamba wazazi wake walikuja kulima kahawa, simulia kwa maneno yako. Maneno yake ndiyo usiyaguse."

Akaigonga kwa kidole picha niliyochagua kwa jalada, iliyotoka kwenye toleo jipya la kitabu cha kale. Maandishi ndani yake ni huru, lakini jalada na utangulizi ni kazi za juzi, zina wenyewe. Nayo ikaenda kushoto.

Tukaafikiana: Roosevelt na Churchill waingie, nakala ziuzwe humu nchini tu, na Huxley asubiri hadi wenye haki wajibu barua yangu. Ndipo mama akanitajia bei.