Kutwa Bila Mnunuzi

Methali mashuhuri husema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Mtu aketiye kivulini na biashara yake inakwenda vema huisikia methali hii kama pambo la maneno. Mchoraji aliyepanga picha zake uwanjani tangu saa mbili asubuhi, akafika saa tisa alasiri bila ya kuulizwa bei hata mara moja, huisikia kama hukumu. Hujiambia: ikiwa kizuri chajiuza, na changu hakikuuzika, basi changu si kizuri. Hukumu hiyo ndiyo mzigo wa siku ya namna hii, nao ni mzito kuliko jua, njaa na ukosefu wa nauli. Mimi huuza picha katika maonyesho na sikukuu za watu, na nataka kuipima hukumu hiyo kwa haki.

Kwanza tutazame bidhaa yenyewe. Unga, chumvi na mafuta hununuliwa kwa sababu jiko haliwezi kuwaka bure. Hakuna nyumba iliyolala njaa kwa kukosa picha ukutani. Picha hungoja mambo matatu yakutane: jicho lililoipenda, mfuko wenye ziada, na ukuta wenye nafasi. Likikosekana moja, mapenzi hayafai kitu. Aendaye na jamaa zake kwenye Maonyesho ya Sabasaba, katika viwanja vya Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, hulipa nauli, hulipa viingilio, huwanunulia watoto soda na mishikaki. Afikapo penye picha, macho yake yangali na hamu lakini mfuko umekwisha choka. Zaidi ya hayo, siku si sawa. Mwisho wa mwezi si kama katikati ya mwezi. Jumamosi si kama Jumatatu. Na mvua ya dakika kumi yaweza kuondoa watu wa saa tatu. Katika mambo hayo yote, ubora wa picha haumo.

Twaa mfano wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala ukumbi. Alichora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao mwembamba, kwa rangi za mafuta zile zile zipakwazo baiskeli, na picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na picha zilizotoka katika mkono wake hutafutwa na watu wa nchi za mbali kwa bei ambayo yeye hakuiona. Ubao ni ule ule na rangi ni ile ile. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji. Basi mauzo ya siku moja hayawezi kuwa shahidi wa pekee juu ya thamani ya kazi.

Walakini mchoraji asijidanganye. Si kila picha iliyododa ni hazina iliyofichika; nyingine zimedoda kwa kuwa ni mbaya. Mimi hutazama miguu ya watu kabla ya kutazama mikono yao. Picha iliyosimamisha watu ishirini na isinunuliwe na hata mmoja imenyimwa na mifuko. Picha iliyopita maonyesho matatu, na kila mtazamaji akairuka ili aitazame ya jirani yake, hiyo hurudi nami nyumbani nikaiulize ina kasoro gani. Siku isiyo na mauzo huwa na nafasi tele ya kuhesabu miguu.

Jaribu kubwa la siku hiyo ni bei. Katika maonyesho fulani nilikaa siku nne bila ya kuuza kitu. Siku ya nne, jua linatua, bwana mmoja aliishika picha ya wavuvi niliyoitia shilingi 60,000, akanipa 15,000. Ubao, rangi na fremu vilikuwa vimenigharimu 22,000, na nyumbani mwanangu alikuwa akingojea viatu vya shule. Nilimwambia, "Bwana, kwa fedha hiyo hii haitoki, lakini ninazo ndogo za 12,000, karibu uchague." Alicheka, akaenda zake. Nilirudi na picha yangu, na mtoto alivaa viatu vilivyotoboka majuma mawili zaidi. Nilipomweleza sababu hakuuliza neno, na kimya chake kilinichoma kuliko cheko la yule bwana.

Hata hivyo ningejibu vile vile leo. Bei ishukayo kwa njaa ya mmoja hushuka kwa wote waliopanga mstari mmoja, maana mnunuzi huipeleka habari ile mbele, na kesho yake kila mchoraji huonekana mnyang'anyi. Jirani yangu aliyekuwa na mgonjwa hospitalini aliuza yake kwa bei ya ubao mtupu, wala hapana aliyemlaumu. Ugonjwa hauna mjadala. Lakini mwenye kuweza kungoja na angoje, ili asiyeweza asipate hasara peke yake.

Kungoja si kukunja mikono. Mchoraji aliyeshika tama huwafukuza watu kama mvua. Mimi huchukua ubao mdogo na rangi mbili tatu nikachora pale pale mezani. Mtu apitaye picha mia zilizokamilika husimama mbele ya moja isiyokamilika, apate kujua kama twiga atatiwa shingo. Asiponunua yeye, amewasimamisha wengine. Mtoto mmoja wa shule, asiye na hata shilingi, aliniuliza mbona mashua yangu ina kivuli na baharia hana. Swali lile lilikuwa malipo, maana tangu hapo mabaharia wangu wote wana vivuli. Jioni nilikuwa sina fedha, lakini nilikuwa na picha mbili ndogo ambazo asubuhi hazikuwapo.

Kwa hiyo methali naikubali, nayo hainitishi tena. Kizuri chajiuza, naam, lakini hakikumwekea mtu yeyote ahadi ya siku. Kazi ya mwenye nacho ni kuwa mahali pake siku hiyo itakapofika, brashi ikiwa mkononi na bei ikiwa ile ile.