Usukani Unaocheza

Jamaa wengi hapa Jinja wenye magari ya zamani huuzoea ugonjwa wa usukani kama mtu azoeavyo kikohozi cha jirani. Dereva huuzungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, na gari huendelea na safari kana kwamba halikuambiwa neno. Mjini jambo hilo halimtishi mtu. Njia ya Mbale ni habari nyingine: Kakira kuna malori ya miwa, na baada ya Iganga, ukishika njia ya Tirinyi, barabara hupita juu ya tuta katika kinamasi cha Mto Mpologoma. Basi likija mbele yako hapo, huna pa kukimbilia.

Land Rover yangu ni Series III, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971, ambayo askari wa rika langu waliijua vyema kazini. Agosti 2024 tulikuwa tumpeleke mke wangu kwao Mbale pamoja na wajukuu watatu, kwenye imbalu ya mpwa wake. Usukani ulikuwa ukizunguka upana wa vidole vitatu kabla magurudumu hayajaitika.

Fundi mmoja akaja na bisibisi, akataka kukaza skrubu iliyo ubavuni mwa sanduku la usukani.

"Dakika tano tu, afande."

Nikamkataza. Skrubu ile ina kazi yake, lakini ikikazwa ili kuficha uchakavu wa mahali pengine, usukani huwa mzito, haurudi wenyewe baada ya kona, na vyuma vya ndani husagana upesi.

Uchunguzi wenyewe wahitaji watu wawili, na waweza kufanyika uani. Gari lilisimama juu ya magurudumu yake, injini imezimwa. Mke wangu alikaa mahali pa dereva akawa anauyumbisha usukani polepole, nami nikalala chini, kiganja juu ya bolijointi moja baada ya nyingine. Series III inazo sita. Iliyo nzima hupeleka mwendo mara moja. Iliyokwisha hugonga kiganjani kwanza, ndipo fimbo isogee.

"Mzee, bado?"

"Endelea tu, mama."

Ya nne na ya tano zilikuwa zimekwisha. Kisha tuliinua gurudumu kwa jeki, na gogo imara chini ya ekseli, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nililitikisa juu na chini ili kujua hali ya beringi, zilikuwa nzima.

Unapofungua bolijointi hesabu mizunguko, ili mpya irudi pale pale. Tena kumbuka kwamba upande mmoja wa fimbo hufunguka kinyume. Yule yule fundi alizifunga, akatia vipini vya kuzuia nati, akapima magurudumu ya mbele, ambayo hapana budi yakaribiane kidogo sana kwa mbele. Hapo ndipo nilipomruhusu aiguse skrubu yake, magurudumu yakiwa yamenyooka, robo ya mzunguko tu. Mchezo ukabaki chini ya kidole kimoja.

Tulipofika Mbale nililala tena chini ya gari, nikiwa na nguo zangu za sherehe, kuangalia nati zile. Shemeji zangu walicheka sana. Vipini vyote vilikuwa mahali pake.