Krismasi ya Chumba cha Kumi kwa Kumi

Nanyuki,
2 Desemba

Mpendwa Makena,

Natumaini jua la Isiolo halijakulemea. Maneno uliyoniambia kwenye simu juzi yamenikaa moyoni, ndiyo maana nimeona heri niandike, usome kwa utulivu ukitoka kazini.

Ulisema chumba chako hapo Bulla Pesa ni kumi kwa kumi, kitanda na meko vimekula nusu, na kwamba umeona dukani mti wa plastiki uliopuliziwa theluji, ukawaza kuukopea. Usikope, mwanangu. Januari haina huruma na mshahara wako bado mchanga. Lakini hata pesa zingekuwapo ningekuzuia. Mti ule ni pambo la nchi za baridi, nawe unaishi mahali ambapo habari ya Krismasi inaeleweka bila kufafanuliwa. Luka anasema waliopashwa habari kwanza ni wachungaji waliokesha na kundi lao, na kesha hilo bado linakeshwa katika maboma ya kwenu, Kinna hadi Merti. Mathayo anataja zawadi za mamajusi: dhahabu, ubani na manemane. Ukiiacha dhahabu, hizo mbili nyingine hutoka katika miti inayoota kaskazini mwa nchi yetu, na wafugaji huuokota utomvu wake wakiwa machungani.

Kwa hiyo anza na ubani. Nenda sokoni kwa akina mama wa Kiborana na Kisomali, uulize ubani wa kufukiza. Kiasi kidogo kinatosha msimu mzima. Majirani zako Waislamu hufukizia nyumba zao mwaka mzima, watakuonyesha namna. Kaa moja la moto kwenye chetezo, punje mbili tatu juu yake, basi. Mapambo mengine yote yanaonekana kwa macho tu, lakini hili litamkaribisha mgeni kabla hajaketi, nalo halichukui hata shibiri ya sakafu. Fungua dirisha na mlango unapofukiza. Na jiko la makaa lisilale ndani hata siku moja: kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mti sasa. Ningeweza kukutumia tawi la saipresi kwa matatu ya Timau, lakini litafika limenyauka, na baada ya siku chache litapukutika juu ya kitanda chako. Usikate mgunga pia. Kivuli cha huko ni haba. Tafuta mathenge kandokando ya laga, ule mkondo wa maji ya msimu. Huo mti si wetu, asili yake ni Amerika, uliletwa kuzuia jangwa, ukageuka kero ya malisho hadi serikali ikautangaza gugu hatari mwaka 2008. Ukiukata hakuna atakayekulaumu. Ila vaa viatu vigumu, parua miiba yote kwa kisu, na maganda ya mbegu usiyabebe kwenda nayo nyumbani, maana ndiyo yanayoueneza.

Ukishapata fito zako, zikate ziwe saba, ya chini ndefu kama mkono, kila inayofuata fupi zaidi, ya juu kabisa kama kiganja. Zifunge kwa kamba mbili za katani, moja kila upande, zikae ngazi ngazi hadi zikutane kileleni. Tundika kwenye msumari wa kalenda. Umepata mti wa pembetatu ukutani, sakafu imebaki yako, na mwenye nyumba hana la kusema kwa sababu hukupigilia msumari mpya. Chumba kidogo hupambwa ukutani na juu ya vichwa. Ukianza kuweka vitu chini utakuwa unaviruka kila ukienda kulala.

Cha kuning'iniza kwenye fito kipo tele. Akina mama wa Kiturkana wanaosuka vikapu hutumia miyaa ya mkoma, ule mti unaoota kandokando ya Ewaso Nyiro. Waombe wakuuzie vipande vilivyobaki. Loweka hadi vilainike, chukua vitano vya urefu sawa, vipitishe kimoja juu na kingine chini hadi nyota ijifunge yenyewe, kisha uikaushe chini ya kitabu kizito. Shanga nunua kidogo, ukichagua kwa makini: nyekundu, nyeupe, buluu ya Kisamburu. Zitunge kwenye waya mwembamba, ukunje vikuku vidogo. Kwangu mimi hizo zinapendeza kuliko mpira wowote wa kung'aa wa dukani, na Krismasi ikiisha unazivaa.

Pakiti za unga usizitupe tena. Ndani ni nyeupe safi. Kata vipande vya upana wa vidole viwili, viunge pete kwa pete kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, upate mnyororo wa kutoka kona hadi kona.

Mshumaa sitaki kuusikia. Una pazia linalogawa kitanda, una mnyororo wa karatasi, na nyumba za mstari huo zimeshikana ukuta kwa ukuta. Chukua kopo la mafuta ya kupikia, ulijaze mchanga wenye maji na kuushindilia ili bati lisibonyee, halafu toboa matundu kwa msumari ukifuata umbo la nyota. Mwaga mchanga, funika kwa kopo hilo ile taa yako ya sola. Utaona ukuta utakavyopendeza.

Na pango usilisahau. Mtakatifu Fransisko alipotengeneza lake kule Greccio mwaka 1223, alitaka watu waone Mtoto alivyolala juu ya nyasi kati ya mifugo. Waite watoto wa ploti wakufinyangie mbuzi na ngamia wa udongo, wanajua kuliko sisi. Waite wote, wa kanisani na wa msikitini. Kikasha cha viatu kilichowekwa juu ya kabati kinatosha.

Pesa ulizotaka kununulia ule mti, mtumie mama yako nauli. Tangu uhamie huko hajakiona hicho chumba, na najua anatamani kula Krismasi nawe. Mpigie leo, kabla matatu hazijapandisha bei.

Akupendaye,
Shangazi yako